Kuku wa Kisima cha Mahona

Shemeji yangu Mahona hakuwa mtu wa kuandikwa. Hakuwahi kuwa mwenyekiti wala mjumbe. Kwenye mashamba ya mkonge alikwenda msimu mmoja, akarudi na blanketi na kikohozi. Alilima karanga na mihogo upande wa Ntalikwa, akafunga ndoa na dada yangu Apolinaria, wakajaliwa watoto saba, na Mungu akatuachia watano. Ukikutana naye njiani ungemsalimu ukapita. Lakini alikuwa mtunza kisima, na kwa ajili ya kisima hicho alimtoza kuku mtu yeyote aliyeumbwa na Mungu. Ndiyo sababu namwandika.

Kisima chenyewe kipo bondeni, si mbali na ile njia ya zamani ya misafara iliyotoka pwani, ikafika Tabora, ikaendelea mpaka Ujiji. Hakina saruji. Kimezungushiwa magogo tu, na masharti yake anayajua hata mtoto. Huingizi chombo chako: unateka kwa kibuyu cha kisima, unamimina kwenye ndoo yako. Ng'ombe hunywa pembeni kwenye gogo lililochongwa. Sabuni isikaribie hatua thelathini, na hatua ni za Mahona, ambaye miguu yake ni mirefu kama ya korongo. Kila Oktoba, kabla mvua haijashuka, kila nyumba inatoa mtu wa kufukua tope. Mwenye kiu hakatazwi hata siku moja, awe mwenyeji au mpita njia. Lakini aliyevunja sharti analeta kuku mmoja. Kuku anapikwa palepale, wanakula wote waliopo, na mkosaji anakula nao. Tena firigisi, ambayo majumbani mwetu ni ya baba, siku hiyo anapewa mkosaji aitafune mbele ya watu, asije akaenda kusema ameonewa.

Dada yangu alitozwa kwa kusuuza nepi. Akalalamika kwamba kuku atatoka banda lilelile la Mahona.

"Ndiyo," Mahona akasema. "Kwa hiyo na mimi nimetozwa. Lete sufuria."

Katekista wetu naye alikutwa anaoga karibu na magogo Jumamosi Kuu, akasema anajitakasa kwa ajili ya Pasaka. Mahona akamwambia utakaso unaruhusiwa kuanzia hatua ya thelathini na moja.

Masharti hayo yana asili yake. Maili nne kutoka kwetu, barabarani, kuna mahali panaitwa Kambini. Misafara ililala hapo, na palikuwa na kisima kikubwa kuliko chetu. Wapagazi mia tano wakifika jioni, huyu anaosha miguu, yule anaosha vidonda vya mabega, punda wanaingizwa hadi magotini, na asubuhi wote wameondoka. Utamtoza nani kuku? Mwenyewe yuko njiani kwenda Ujiji. Kisima kikajaa tope, kikaoza, kikafa. Babu zake Mahona wakahamia bondeni, wakachimba kipya, na inasemekana walikubaliana habari ya kuku kabla hawajayafikia maji.

Basi, mwezi wa Juni mwaka 1974 akatufikia Bwana Anton, kijana wa chuo kikuu kutoka Dar es Salaam, na miwani yake na sanduku la madaftari. Alikuwa anatafiti sheria za mazingira za mataifa, anazilinganisha moja na nyingine. Nikamuuliza mazingira ni nini, maana mimi niliishia darasa la nne na hatukuwa tumefika huko. Akasema mazingira ni vyote vinavyotuzunguka. Nikatazama vilivyonizunguka: mihogo, mbuzi wa jirani, na yeye.

Akatueleza kwamba mataifa yalikutana Stokholm mwaka 1972, yakatangaza kuwa dunia ni moja tu na itunzwe. Tangu hapo wasomi wa kila nchi wanatafuta ni sheria gani hulinda maji na misitu, na ni watu gani walizitunga. Mtu mmoja stesheni Tabora ndiye aliyemwambia habari za Mahona. Wakakaa kwenye magogo ya kisima, mimi na dada tukimenya karanga karibu yao ili tusikose kitu.

"Mzee Mahona," Anton akaanza, "chanzo cha sheria hii ni nini? Ni dini, ni desturi, au ni amri ya mtemi?"

"Tope," akajibu Mahona.

Anton akaandika, akafuta, akaandika tena. "Je, sheria yenu inatambua haki za vizazi vijavyo?"

Mahona akageuka kuwatazama wajukuu zake waliokuwa wanarusha vijiti kisimani. "Vizazi vijavyo ndio hao. Hao ndio wanaonipa kazi. Nyie! Tokeni hapo!"

Anton akatabasamu, akamsimulia habari za mji mmoja wa Hispania. Kila Alhamisi wazee wakulima wanakaa mlangoni mwa kanisa kuu, wanasikiliza kesi za maji kwa mdomo tu, bila karatasi, na hukumu yao haina rufaa. Wamefanya hivyo kwa mamia ya miaka.

Mahona alifurahi sana, mpaka akapata swali. "Kwa nini Alhamisi? Mtu akichafua Ijumaa, wanangoja?"

"Nadhani... wanangoja."

"Basi wana maji mengi."

Anton akaona amfurahishe zaidi. Akasema nchi tajiri nazo zimeandika kanuni mpya, kwamba anayechafua ndiye alipe, na kanuni hiyo ina umri wa miaka miwili.

"Miwili!" Mahona akashangaa. "Na siku zote hizo walikuwa wanakunywa nini?"

Siku ileile Anton alitaka maji ya kupeleka Dar kupimwa. Akatoa chupa yake, akainama, akaitumbukiza kisimani. Dada yangu alifunika uso kwa kanga. Sisi wote tuliona. Yeye aliyekuja kutafuta sheria ndiye peke yake ambaye hakuiona. Mahona hakupaza sauti, alimwambia tu, "Mwanangu, kuku mmoja."

Anton aling'aa kama mtu aliyepewa zawadi. Alimnunua jogoo kwa Apolinaria, mke wa hakimu mwenyewe. Akala nasi, akapewa firigisi, akaitafuna huku anaandika. Alijaza kurasa tatu.

Hapo ndipo habari ya kuhama ilipotufikia. Ulikuwa mwaka wa operesheni ya vijiji, na msimamizi wa upande wetu alikuwa Ndugu Sylvester, mtu mnene kidogo, msafi, mwenye kalamu tatu mfukoni. Aliitisha mkutano, akatandaza ramani juu ya boneti ya Landrova yake. Nyumba zote za bondeni zitahamia Kambini, akasema. Kutakuwa na shule, kutakuwa na zahanati. Tukapiga makofi, na yalikuwa ya kweli. Nani hataki shule? Ndipo Mahona akanyoosha mkono.

"Na maji, Ndugu Sylvester?"

"Maji yapo Kambini. Ramani inaonyesha." Akaweka kidole kwenye alama ndogo ya buluu.

Mahona akainama kuitazama. "Ramani hii ya lini?"

"Ya Wajerumani. Ya kitaalamu kabisa."

"Mjerumani huyo alikunywa hapo akaondoka, Ndugu. Alama ameiacha, maji hayakubaki."

Watu wakacheka, na Ndugu Sylvester akakunja ramani.

Jioni ile, mara ya kwanza katika maisha yangu, nilimwona shemeji yangu ana hofu. Nilimtania kama kawaida yetu, nikamwambia Kambini atakuwa bwana mkubwa wa barabarani. Hakunijibu utani. Akasema, "Pelagia, kisima kikikaa bila watu mwaka mmoja, kinakufa. Nikihama mimi, kimehama nacho."

Bwana Anton ndiye aliyetupa matumaini. Yeye na Sylvester walisoma darasa moja utotoni. Akaenda kuongea naye, akarudi na jibu: Sylvester atakuja Jumamosi kukiona kisima. Akiridhika kwamba maji yapo mwaka mzima na yana utaratibu, kijiji kinaweza kupangwa bondeni na Kambini ikaachwa.

"Nami nitasema," Anton akaahidi, akilipigapiga sanduku lake la madaftari. "Nitamweleza kwa sheria."

Ijumaa tulifagia mpaka vichakani. Nilisali rozari nzima nikitembea na fagio, Bikira Maria anisamehe kwa mafungu niliyoyaruka. Jumamosi Landrova ikafika. Ndugu Sylvester alionja maji kwa kibuyu, akasema matamu. Akatazama magogo, akasema imara. Akatembea na Mahona kwenda kuangalia mashamba, na tulisikia kwa masikio yetu akisema kwamba hapa panafaa, alama ya kijiji anaweza kuisogeza.

Lakini baada ya kwetu alikuwa na safari ya kumpokea mgeni kutoka mkoani, na gari lilikuwa na vumbi. Kabla ya kwenda shambani alimwambia dereva wake, Saidi, kijana wa mtaa wa Chemchem, Tabora mjini, "Lisafishe, nikirudi nilikute linang'aa." Saidi hakuwa na habari ya kuku. Akachukua debe lake la gari, akalitumbukiza kisimani. Akamwaga sabuni ya unga. Gari lilikuwa hatua tano kutoka kwenye magogo, na penyewe pana mteremko. Povu likashuka polepole, jeupe, zuri kama la harusi, likaingia ndani.

Mahona alirudi akalikuta linaingia.

Dada yangu alimshika mkono kwa nguvu. "Baba, leo fumba macho. Gari moja tu. Likiondoka, tunabaki."

"Nikifumba macho," Mahona akasema, "ninabaki kutunza nini?"

Saidi alipoelezwa kosa aliacha kitambaa kikaanguka. "Shikamoo, mzee wangu. Kosa ni langu. Nyumbani mama anafuga, nitakuletea kuku, wallahi."

"Marahaba, mwanangu. Debe umeshika wewe, amri imetoka kwake." Akamgeukia msimamizi. "Ndugu Sylvester, kuku mmoja."

Ndugu Sylvester alidhani ni utani, akacheka. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, akaacha. "Mimi niko kazini, mzee. Hili ni gari la serikali. Serikali haitozwi kuku."

"Sijaiona serikali hapa. Nimekuona wewe."

"Sheria hiyo imeandikwa wapi?"

Mahona akamwonyesha Anton kwa kidevu. "Imeandikwa mle sandukuni. Kurasa tatu."

Watu wote tukamgeukia Bwana Anton. Alikuwa anajua ya Hispania, anajua ya Stokholm, anajua kanuni ya anayechafua. Mchafuzi alikuwa amesimama mbele yake, na povu lilikuwa bado halijakatika. Akavua miwani akaifuta. Akaivaa. Akamtazama Sylvester, ambaye ndiye aliyemwandikia kibali cha kutembea wilaya nzima.

"Kwa mtazamo wa kulinganisha," akasema, "suala hili linahitaji utafiti zaidi."

Landrova iliondoka ikiwa safi upande mmoja. Wiki iliyofuata amri ikaja kwamba nyumba za bondeni ndizo zitangulie kuhama. Anton alikuja kutuaga akiwa ameinamisha kichwa. Mahona alimpa karanga za njiani, maana hakuwa mtu wa kinyongo, na kesi ya Anton ilikuwa imeshaliwa.

Wapo waliomlaumu Mahona. Nami nilimlaumu, siwezi kudanganya. Tulipokuwa tunapakia milango na sufuria juu ya lori mwezi wa Agosti nilimwambia, "Shemeji, kuku mmoja ametuhamisha nyumba arobaini."

"Kuku hajafika bado," akanijibu. Juu ya lori hakupanda. Alitembea maili zote nne, kibuyu cha kisima kikining'inia begani.

Kambini walichimba penye alama ya buluu, na maji yalipatikana. Ndugu Sylvester aliyanywa hadharani, akatutazama mmoja mmoja. Yalikuwa ya kijivu, na harufu yake ilikuwa ya kitu kilichofungiwa siku nyingi. Tuliyanywa wiki tatu. Mwisho wa Septemba ndoo ilikuwa inapanda na tope, na baadaye ikawa inapanda na hewa. Wakachimba cha pili, kikatoa mawe na shanga za zamani.

Wanawake tukaanza kurudi bondeni kila alfajiri, maili nne kwenda, nne kurudi. Mahona alitutangulia na kibuyu chake, akafungua kisima kama mtu anayefungua duka. Ndugu Sylvester naye alikuwa ameagizwa akae palepale Kambini, kwenye kibanda cha mabati, mpaka kijiji kisimame. Maji yakamwishia kama sisi. Akamtuma Saidi na mapipa mawili kwenye gari.

"Saidi, kunywa," Mahona akamwambia. "Chukua na ndoo yako. Mapipa ni ya nani?"

"Ya bosi, mzee."

"Bosi akiwa na kiu aje anywe kama watu. Pipa halina kiu. Pipa lina kesi."

Siku ya kwanza Sylvester aligomba. Siku ya pili alitishia polisi, lakini polisi nao wangehitaji kunywa. Siku ya tatu tuliona amenyoa bila maji, maana kidevu kilikuwa na alama za wembe. Siku ya nne Landrova ikashuka bondeni, na vumbi la mwezi mzima juu yake, ikasimama mbali, mbali kabisa, kama hatua mia. Ndugu Sylvester akashuka na jogoo mwekundu kwapani. Nilimfahamu jogoo yule. Dada yangu aliniambia baadaye bei aliyomuuzia. Siiandiki, ni dada yangu.

Mahona hakusema neno la ushindi. Alimpokea jogoo, akampa Saidi achinje ili wote tule, Waislamu na Wakristo, akaagiza kuni. Tulikaa chini tukingoja nyama iive, na kwa kuwa kungoja ni kurefu, watu wakaanza kuongea habari za watoto, za kikohozi, za mvua. Ndugu Sylvester alisema mama yake kwao alikuwa akimchapa kwa kuchezea maji. Ilipoiva, Mahona akaichagua firigisi, akaiweka juu ya jani, akampelekea kwa mikono miwili.

Aliitafuna muda mrefu. Alipomeza akatazama kisima, akasema kwa sauti ya ofisini, "Chanzo hiki cha maji kinahitaji ulinzi."

"Kinahitaji," Mahona akakubali.

"Nitaweka hapa kambi ya muda. Nyumba chache, kwa ajili ya kulinda chanzo."

Hakusema kwamba alikosea, na sisi hatukumuuliza. Mungu anatutaka tusamehe, hakutuagiza tudai maelezo. Nyumba chache zikawa kumi, kufika Krismasi zikawa arobaini. Shule imebaki barabarani na watoto wanakwenda, na gari linalopeleka huko maji ya kisima chetu linakwenda nao. Huu ni mwaka wa tano, na kwenye karatasi za ofisini sisi bado ni kambi ya muda. Kanisa letu la muda lina paa la bati, na makaburi yetu ya muda yameshapata watu.

Mwaka jana Padre alituletea kitabu kilichotumwa na Bwana Anton, cha Kiingereza. Tukakusanyika kwa Mahona, Padre akawa anatafsiri. Hispania ilikuwa na kurasa kumi na moja. Stokholm tisa. Sisi tulikuwa na nusu ukurasa. Iliandikwa kwamba magharibi mwa Tanzania palikuwa na desturi ya faini kwa wachafuzi wa visima, ila sasa imebaki katika kumbukumbu za wazee tu, na hayo alielezwa na mkulima mmoja.

Mahona akauliza, "Kuku wake amemwandika?"

"Hayumo," akasema Padre.

"Na firigisi alikula."

Jambo hilo lilimuuma kuliko kuhamishwa. Oktoba, watu wote walipokuja kufukua tope, akaweka swali mbele yao: mtu akitangaza kwamba kisima cha wenzake kimekufa, amekichafua au hakukichafua? Walibishana mpaka jua likawa kichwani. Dada yangu alisema kimechafuliwa jina tu. Katekista akasema jina likichafuka, na watu hawaji kufukua. Hilo likashinda. Kuku mmoja. Barua niliandika mimi kwa mkono huu, kwa upole, nikaanza na salamu za Bwana Yesu, na mwisho nikaongeza kwamba sufuria ipo.

Sikutegemea jibu. Lakini Oktoba hii, siku ya kufukua, Bwana Anton akatokea kwa miguu kwenye njia ya Kambini, mvi zimeanza, na kikapu mkononi. Ndani ya kikapu mlikuwa na kuku wa Dar es Salaam, mweupe, aliyesafiri kwa treni na kuchoka kuliko yeye. Safari hii hakununua kwa dada yangu, na dada yangu alimkagua kuku yule kwa macho ya mtu aliyenyang'anywa.

"Shikamoo, mzee," Anton akasema. "Nilikosea."

"Marahaba, mwanangu. Kuku mkabidhi Pelagia. Wewe vua viatu ushuke, leo siku ya tope."

Akashuka. Alipanda baada ya saa mbili akiwa hajulikani, tope mpaka kwenye miwani. Akaomba sabuni. Nilimpa kipande na ndoo ya maji, naye bila kuambiwa akageuka kutoka kisimani, akaanza kuhesabu hatua kwa sauti. Alipofika thelathini akasimama, akainama kumimina maji.

"Hizo ni zako!" Mahona akapiga kelele kutoka kwenye magogo. Akainuka na kikohozi chake, akaenda kuanza kuzihesabu upya yeye mwenyewe, kwa miguu yake mirefu.